Kwa nini napokea sarafu zinazorudishwa

Nunua kitu Kariakoo, kisha isome risiti yako hadi chini. Mara nyingi utakuta maneno haya: mali ikishauzwa hairudishwi. Tumeyazoea kiasi kwamba mtu akianza kuuza vitu mitandaoni huyahamisha kama yalivyo, anayabandika chini ya picha na kuendelea na kazi. Mimi nauza sarafu za zamani kupitia Instagram na makundi ya WhatsApp, nikiwa hapa hapa Dar es Salaam. Hakuna swali la biashara hii lililonikalia kichwani kama hili: mteja akitaka kurudisha sarafu, nipokee au nikatae? Napokea. Wenzangu kadhaa wanaona najitafutia hasara, kwa hiyo nataka nieleze vizuri, pamoja na masharti yake, maana bila masharti wao ndio watakuwa na haki.

Maneno yale ya kwenye risiti yana haki yake pale yanapotoka. Mteja wa Kariakoo amesimama mbele ya kitu. Amekishika, amekigeuza, ameomba kichomekwe kwenye umeme akaona kinawaka, ameomba apunguziwe, ameondoka akarudi. Akishalipa, amelipia alichokiona. Mteja wangu wa Mwanza hana hata moja kati ya hayo. Ana picha mbili tatu, ana maneno yangu, na ana simu ambayo kioo chake pengine kimepasuka. Kumwambia kuwa mali ikishauzwa hairudishwi ni kumfungia mlango ambao hajawahi kuufikia.

Chukua rupia ya fedha, ile ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki iliyotolewa kati ya 1890 na 1902. Upande mmoja yuko Kaisari Wilhelm wa Pili na kofia yake ya chuma yenye tai juu, upande wa pili simba akiwa na mti nyuma yake. Ukiwa nayo mkononi utajua mengi ndani ya dakika moja. Uzito wake ni gramu 11.66, au pungufu kidogo kama imelika kwa matumizi. Ukiigonga inalia kwa sauti nyembamba inayochelewa kuisha, wakati ya risasi inalia mara moja na kunyamaza. Sumaku haiivuti. Lakini kuna jambo ambalo hata picha nzuri hulificha. Rupia nyingi za pwani hii zilivaliwa. Sonara alichomelea kikonyo, rupia ikawa kidani, na miaka mingi baadaye mtu mwingine akakitoa kile kikonyo, akapasugua, akaiuza kama sarafu ya kawaida. Kovu lake liko ukingoni, kwenye yale meno madogo, mara nyingi juu kabisa ya kichwa cha Kaisari. Ili ulione lazima uizungushe sarafu taratibu kwenye mwanga. Nyingine zilitobolewa, kisha tundu likazibwa kwa fedha. Kwa mkusanyaji, rupia yenye kovu la namna hiyo inapoteza sehemu kubwa ya thamani, hata kama sura ya Kaisari bado ni kali.

Mimi hulitafuta kovu hilo, na nikilikuta nalitaja na kulipiga picha. Bado mtu anayetoa hela yake anastahili kuizungusha sarafu kwa mkono wake mwenyewe, na hawezi kufanya hivyo kabla mzigo haujamfikia. Siku tatu ninazompa tangu apokee ndizo dakika zake za kusimama mbele ya kaunta.

Sheria nayo haiko mbali na hapo. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa inachukulia kwamba kitu kinachouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo. Wale wanaouza nje kupitia eBay wanalijua hili kwa njia ya hela: hata ukichagua kuwa hupokei marejesho, mnunuzi akisema sarafu haikufanana na tangazo, mtandao wenyewe unafungua kesi, na ana siku 30 tangu kufikishiwa mzigo za kufanya hivyo. Yale maneno ya kukataa hayamzuii mnunuzi mwenye hoja. Yanamzuia mnunuzi mwaminifu ambaye angependa kujaribu lakini anaogopa, na huyo ndiye hasa ninayemtaka.

Hoja nzito ya wenzangu ni mtaji, na siipuuzi. Wengi wetu tunazungusha hela ndogo. Umeuza rupia asubuhi kwa Sh 80,000; mchana mama mmoja wa Bagamoyo anakupigia kwamba ana kopo la heller, vile visarafu vya wakati wa Mjerumani, za marehemu babu yake, na hela ile ile ya asubuhi ndiyo ungeendea. Mteja akirudisha kesho, unamlipa na nini? Nimesikia watu wakijibu swali hilo kwa kuzima simu, na hapo mteja hataamini tena muuzaji yeyote wa sarafu, akiwemo mimi. Dawa niliyoiona ni moja tu, nayo inauma: hela ya sarafu inabaki kwenye simu mpaka siku tatu ziishe. Naihesabu kama bado ni ya mteja. Kuna heller za Bagamoyo nilizozikosa kwa sababu hiyo, na nyingine nitazikosa. Anayeona hawezi kubeba mzigo huo afupishe muda, hata uwe siku moja, kuliko kutoa ahadi ya wiki nzima ambayo hataitimiza.

Sasa niseme juu ya jambo ambalo wauzaji wa nchi nyingine pengine hawalijui. Kuna watu wanaonunua rupia si kwa ajili ya kukusanya. Katika mikoa mingi zinazunguka habari za mali zilizofukiwa na Wajerumani, na ndani ya habari hizo kuna rupia ya pekee yenye nguvu, inayovuta punje za mchele, ambayo eti kuna mzungu au Mwarabu anaitafuta kwa mamilioni. Matapeli wanaishi kwa habari hizo. Mzee mmoja wa Tanga aliwahi kununua kwangu rupia ya 1905, kisha akanipigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ule mzigo nimeupata, lakini siyo."

"Siyo kivipi, mzee wangu? Ina kasoro?"

"Kasoro haina. Nimeiweka juu ya mchele, imelala tu. Ile yenyewe inavuta."

Sarafu niliyomtumia ilikuwa sahihi kwa kila neno la tangazo. Mwenzangu mmoja aliniambia wazi kwamba huyo harudishiwi hela, kwa sababu nikimrudishia nakubaliana na uongo wa mchele. Mimi naona kinyume chake. Mzee yule alikuwa amelipia kitu ambacho sikumuuzia na ambacho hakuna anayeweza kumuuzia. Nilimweleza polepole kwamba fedha haivuti mchele, na hakuna rupia inayouvuta. Nikamwambia kuwa yeyote atakayemwonyesha inayovuta ameandaa mchezo na anataka nyumba yake. Nikamrudishia hela. Kama ningemkatalia, angeniweka kwenye kundi la matapeli, na angekwenda kutafuta "ile yenyewe" kwa mtu atakayemwambia anachotaka kusikia. Hela niliyomrudishia ndiyo iliyomfanya anisikilize. Tangu hapo, mtu asiyeuliza mwaka wala hali ya sarafu, anayeuliza tu "ni ile original?", namuuliza kwanza anaitaka ya kazi gani. Kama ni ya mchele, simuuzii, nazungumza naye.

Kisa kingine kinahusu Tabora, na hapa ndipo nilipojifunza kwamba marejesho humfundisha muuzaji kuandika. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli za Uingereza zilikuwa zimefunga bahari na sarafu kutoka Ujerumani hazikuweza kuingia. Mwaka 1916 Wajerumani wakagonga sarafu zao wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora, kabla mji haujachukuliwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi Septemba mwaka huo huo. Sarafu za heller 20 za Tabora, za shaba nyekundu na za shaba ya njano, zilitengenezwa kwa haraka na kwa mitambo isiyo ya kazi hiyo. Taji limefifia, maandishi yamekaa upande, ukingo mahali pengine ni mnene na pengine mwembamba. Herufi T chini ya mwaka mara nyingine haionekani mpaka uinamishe sarafu. Mtu aliyezoea heller za Berlin zenye A, au za Hamburg zenye J, akiipokea hii lazima ashtuke.

Kijana mmoja wa Arusha alishtuka. "Kaka, hii imetengenezwa gereji," aliniandikia. Kwa kweli hakuwa mbali. Nilimtumia picha za nyingine nilizokuwa nazo, zenye kasoro zile zile, nikamwachia uamuzi. Akairudisha, nikampa hela yake bila ugomvi, kwa sababu kuridhika kwa macho ni sehemu ya kilichonunuliwa. Mtu hakusanyi kitu kinachomkera kila anapofungua sanduku. Tangazo la pili la sarafu ile ile lilieleza karakana ya Tabora, likaonyesha taji lililofifia kwa ukaribu, na likasema kwa nini liko hivyo. Iliondoka haraka, kwa mtu aliyekuwa anatafuta hasa iliyogongwa vibaya. Kuna watu wanazikusanya kwa tofauti za mihuri iliyozigonga, na kwao hadithi ya ile haraka ndiyo bei.

Haya, tuje kwenye hofu ya kweli: kubadilishiwa. Rafiki yangu anayeuza sarafu hapa mjini alituma rupia ya 1910 ambayo hata nywele za masharubu ya Kaisari zilikuwa zinahesabika. Ikarudi rupia ya 1910, herufi J ile ile, lakini imelika kama sabuni. Mteja akaapa ndiyo aliyotumiwa. Rafiki yangu alikuwa na picha moja, ya upande mmoja, iliyopigwa chini ya taa ya njano. Alilipa, na siku ile akaandika ukurasani kwake kwamba hapokei tena chochote.

Simlaumu, ila naona tatizo lilikuwa kwenye picha. Hakuna sarafu mbili za zamani zinazofanana kabisa. Kila moja ina mikwaruzo yake, vidoa vyake, kona ya ukingo iliyogongwa zilipoanguka pamoja mfukoni mwa mtu miaka 100 iliyopita. Ukizipiga picha pande zote mbili na ukingo, mwanga ukitoka ubavuni, una alama ambazo hakuna anayeweza kuzihamishia kwenye sarafu nyingine. Naongeza uzito kwa desimali mbili, sarafu ikiwa juu ya mizani ndani ya picha. Mizani ndogo za vito zinapatikana kwa bei ya kawaida kwenye maduka wanakonunua vifaa masonara. Kisha sarafu inaingia kwenye kifuko cha plastiki ngumu kinachoonyesha pande zote, nakifunga kwa stika yenye namba niliyoandika kwa mkono, na mteja anatumiwa picha ya namba hiyo kabla mzigo haujaondoka. Anaweza kuitazama, kuipima na kifuko chake, kuipeleka kwa anayemwamini aione. Akikata stika, imekuwa yake. Baadhi ya wateja mwanzoni waliona nawatilia shaka, lakini nikiwaeleza kwamba namba ile inawalinda na wao, kwamba mimi pia siwezi kudai wamenirudishia nyingine, wanaelewa.

Stika hiyo inatatua na suala la kusafisha. Watu wetu wanapenda kitu king'ae. Sarafu nyeusi ikifika nyumbani, shangazi anaichukua kwa nia njema kabisa, limau, majivu, dawa ya meno, na jioni inawaka kama sufuria jipya. Kwa mkusanyaji imeharibika: ngozi ya fedha imekwaruzwa na ile rangi iliyotengenezwa na miaka haitarudi. Sarafu iliyosafishwa siipokei, hata awe nani. Hili nalisema kwa sauti kwenye kila tangazo, maana wengi hawafanyi kwa ubaya.

Kwa nini siku tatu na siyo mwezi? Hewa ya Dar ni sababu mojawapo. Vile vifuko laini vya plastiki ambavyo watu hununua kwa wingi huwa na kemikali ya kulainishia, na kwenye joto na unyevunyevu wa pwani kemikali hiyo hutoka taratibu na kuacha utando wa kijani juu ya shaba na fedha. Sarafu iliyokaa kwa mtu wiki kadhaa kwenye kifuko kama hicho, karibu na dirisha la Msasani au Kigamboni, si ile niliyoituma. Siku tatu zinatosha kutazama. Mzigo ninaoupeleka kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, kwa kawaida unafika Arusha siku hiyo hiyo au inayofuata, na siku zangu nazihesabu tangu mteja aseme ameupokea, siyo tangu nilipoutuma.

Gharama zinagawanyika hivi. Nikiwa nimekosea maelezo, nalipa kila kitu: nauli ya basi kwenda na kurudi, makato ya kutuma hela, na ya kutolea. Akiwa amebadili mawazo tu, analipa nauli ya kurudisha na mimi namrudishia bei ya sarafu. Hilo la kutolea limewahi kuleta maneno mengi kuliko sarafu zenyewe, kwa hiyo sasa linaandikwa kabla. Na kwa sarafu za bei ya chini, kama shilingi za Afrika Mashariki zenye simba ambazo bado ziko tele, habari ya kurudisha haina maana. Nauli inaweza kuizidi sarafu. Mtu akilalamika na lalamiko lake lina msingi, namrudishia hela na sarafu anabaki nayo, ampe mtoto.

Kwa wanunuzi wa nje natoa siku 14, kwa kuwa ndizo walizozoea. Sheria ya Umoja wa Ulaya humpa mtu aliyenunua kutoka kwa mfanyabiashara kwa njia ya mbali siku hizo za kubadili mawazo. Ila sheria hiyo hiyo inaacha nje bidhaa ambazo bei yake hupanda na kushuka na masoko ya fedha, na nakubaliana nayo kabisa. Mtu akinunua Krugerrand, ile sarafu ya dhahabu ya Afrika Kusini, amenunua aunsi moja ya dhahabu kwa bei ya siku ile. Nikimruhusu airudishe wiki ijayo kwa bei ya leo, dhahabu ikishuka atairudisha, ikipanda atakaa nayo. Huo ni mchezo ambao mimi siwezi kushinda, kwa hiyo sarafu zinazouzwa kwa uzito wa madini yake sizipokei zikirudishwa, isipokuwa kama ni feki.

Kuna na zile ambazo swali la kurudisha halipaswi hata kufika. Kila baada ya muda fulani mtu hunitumia picha ya visarafu vidogo vya shaba vya masultani wa Kilwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuviuza au kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Hizo namwelekeza mtu azipeleke Makumbusho ya Taifa, pale Mtaa wa Shaaban Robert. Sizinunui na siziweki mtandaoni.

Imebaki moja ambayo taratibu zangu zote hazinitoshi: sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ya Tabora, ile yenye tembo na milima nyuma yake, 1916. Uzito wake ni gramu 7.16 na kidogo, dhahabu yake robo tatu, na kwa kuwa ni maarufu duniani kote, za kughushi ni nyingi na nyingine ni nzuri sana. Stika na picha hazimlindi mtu anayetoa hela ya kununua kiwanja. Siku tatu nazo hazimtoshi kutafuta mtu wa kuipima. Na mimi, ikinirudia baada ya kupita mikononi mwa mafundi wawili watatu, nitajuaje haijakwaruzwa ili kujaribiwa? Kwa hiyo mwenye nayo akiniomba nimuuzie, picha naweka, lakini mauzo hayafanyiki kwa simu. Mnunuzi aje, au amtume anayemwamini. Tunakwenda pamoja kwa sonara atakayemchagua yeye, inapimwa uzito hewani na ndani ya maji mbele yetu wote, bila kukwanguliwa. Akitaka ipelekwe kwanza nje kwa kampuni za kuthibitisha kama NGC au PCGS, gharama wanakubaliana na mwenye sarafu, na mimi nasubiri. Wengi wakisikia hivyo hukata simu. Waliobaki ndio ninaoendelea kuzungumza nao.